Akili ya Mashine na Busara ya Mtu: Tuwafundishe Vijana Wetu wa Chuo



Mzazi wa hapa Sultan Hamud anayesomesha mtoto chuoni anajua vizuri karo inatoka wapi. Inatoka kwa ndengu zilizouzwa, kwa mbuzi aliyepelekwa sokoni, na mara nyingi kwa mkopo wa kikundi ambao wanachama wenzake walikubali kumdhamini. Kwa hiyo si mzazi peke yake mwenye haki ya kuuliza yule kijana anajifunza nini kule. Kikundi kizima kina haki hiyo.

Siku hizi swali hili limekuwa zito zaidi. Kuna mashine ndani ya simu ambayo inaweza kumwandikia mwanafunzi kazi yake yote ya chuo kabla chai haijapoa. Wazazi wengine wamesikia habari hiyo wakaogopa. Wengine wanasema, "Si vizuri basi, mtoto hatapata shida." Wote wawili wanahitaji kuelezwa. Mashine hii haitaondoka, na kumkataza kijana asiiguse ni sawa na kumkataza asipande matatu. Lakini kumwachia aitumie bila mafundisho ni hatari, kwa sababu kesho huyo huyo ndiye atakuwa muuguzi katika kituo chetu cha afya, afisa wa kilimo, mwalimu wa watoto wetu, au katibu wa kikundi chetu. Tukimtegemea, awe na kichwa chake.

MASHINE HII NI NINI?

Watu huiita kwa majina mengi: akili mnemba, akili bandia, akili unde. Kompyuta zenye akili ya namna hii zilianza kutengenezwa miaka mingi iliyopita, lakini wengi wetu tulianza kusikia habari zake baada ya tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoitoa programu yake ya ChatGPT ili mtu yeyote aijaribu. Tangu hapo kampuni nyingine nyingi zimetoa za kwao. Unaandika swali kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nayo inakujibu kama mtu.

Ili kuelewa inavyofanya kazi, fanya jaribio dogo. Mwambie jirani yako aseme "Haraka haraka" kisha anyamaze. Wewe utamalizia mara moja: "haina baraka." Akisema "Haba na haba", utasema "hujaza kibaba." Je, ulikwenda kutafuta kibaba ukakijaza? Hapana. Umezoea tu kusikia maneno hayo yakifuatana.

Mashine hii ililishwa maandishi mengi kuliko yale ambayo mtu anaweza kusoma maisha yake yote. Ikajifunza neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiiuliza swali, inaunga maneno moja baada ya jingine mpaka jibu likamilike. Siku hizi baadhi ya programu hizi hutafuta pia habari kwenye intaneti kabla ya kujibu, na hilo linasaidia. Lakini msingi wake ni ule ule wa kuunga maneno.

Kutokana na hayo, kuna mambo mawili ambayo kila mwanafunzi lazima ayashike.

La kwanza, mashine huongea vizuri hata inapokosea. Mtu asiyejua jambo hugugumia au hukuna kichwa, na wewe unagundua kwamba hajui. Mashine haigugumii. Inaweza kukupa jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, na mwaka kilipochapishwa, na ukurasa. Mwezi Juni 2023 hakimu mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamepeleka mahakamani karatasi zilizotaja kesi za zamani ambazo ChatGPT ilizibuni tu. Hao walikuwa mawakili waliosoma. Na mwaka huo huo wa 2023, watu waliotafuta kwenye Google nchi ya Afrika inayoanza kwa herufi K walionyeshwa jibu lililosema hakuna nchi kama hiyo, na kwamba iliyo karibu ni Kenya! Jibu hilo lilikuwa limetokana na maandishi ya mashine. Sisi wa Kenya tulicheka, kwa sababu tunajua nchi yetu. Lakini je, kama swali lingekuwa juu ya jambo tusilolijua?

La pili, mashine inajua zaidi yale yaliyoandikwa sana. Kiingereza kimeandikwa sana, Kiswahili kidogo, na Kikamba kidogo zaidi. Mambo mengi ambayo wazee wetu wanayajua juu ya udongo wa Kasikeu au mito ya mchanga ya Kitui hayajaandikwa popote. Chukua mfano wa mvua. Vitabu vingi vya Kenya huziita mvua za Machi hadi Mei mvua kubwa, na mtu wa mbali akisoma hivyo atadhani ndio msimu wa kutegemea kote nchini. Lakini kila mkulima wa Makueni na Kitui anajua kwamba kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kuaminika zaidi. Kijana akiuliza tu, "Kenya tunapanda lini?" bila kutaja mahali, anaweza kupata jibu zuri la watu wa Kitale. Mzazi akilifuata, mbegu yake yote imepotea.

MFANO WA MAHINDI

Tuseme binti anasoma kilimo chuoni, amekuja nyumbani likizo. Mahindi yamevunwa, lakini mvua ya mwisho iliyanyeshea. Mama yake anauliza kama yanaweza kuwekwa ghalani.

"Ngoja niulize, mwaitu," binti anasema, na kutoa simu. Baada ya kitambo anasoma: "Inasema tuondoe punje zenye ukungu, tuyaanike, kisha tuyaweke kwenye magunia mahali pakavu."

"Kwani hiyo mashine imeyaona?"

"Haijayaona. Nimeieleza."

"Ulieleza yamelala chini kwa siku ngapi?"

"La, hilo sikusema."

"Na yale yaliyo katikati ya rundo, umeyashika?"

Binti ananyamaza. Halafu anaweka simu chini na kwenda kuingiza mkono kwenye rundo. Katikati mna joto.

Angalia vizuri. Jibu la mashine halikuwa baya. Lakini lilikuwa jibu la mahindi ya kila mahali, si la mahindi yale. Na hapa kwetu jambo hili si mchezo. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwapata watu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 kati yao wakafariki. Kuna familia zinazosoma ukurasa huu ambazo bado zinakumbuka mazishi ya mwaka ule. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Kwa hiyo kuondoa punje zenye ukungu hakutoshi kukuhakikishia kwamba zilizobaki ni salama.

Mwanafunzi mwenye busara angefanya nini? Angelichukua jibu la mashine kama mwanzo wa kazi. Kisha angepima unyevu. Njia ya nyumbani ni hii: chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi na chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache, kisha iache itulie kama dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Lakini angejua pia kwamba chumvi inapima unyevu tu, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kushika ukungu angeyaonyesha kwa afisa wa kilimo kabla ya mtu yeyote kuyala au kuyauza.

Hapo ndipo tunaona busara ya mtu ni nini. Ni kujua jibu linahusu nini na halihusu nini. Ni kwenda kuangalia kwa macho na kushika kwa mkono. Na ni kukubali kubeba lawama. Mtoto akiugua kwa sababu ya ugali ule, hakuna atakayeishtaki simu. Ataulizwa aliyesema, "Pikeni tu."

UJUMBE SI PESA

Wengine watasema, "Sisi wa kijijini tutamfundishaje mtu wa chuo?" Tutaweza. Tayari tumepita darasa kama hilo.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tulifurahi. Halafu wakaja matapeli. Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa shilingi elfu kadhaa, kisha mtu anapiga simu akilia: "Mama, nimekosea namba, tafadhali nirudishie." Ujumbe umeandikwa vizuri, una namba na saa. Wengine walirudisha pesa ambazo hawakupokea. Leo hata bibi mwenye kabambe anajua cha kufanya: haamini ujumbe, anaangalia salio kwanza. Tulijifunza kwa machozi kwamba ujumbe si pesa.

Somo la mashine hii ni lile lile. Jibu lililoandikwa vizuri si lazima liwe kweli. Angalia salio kwanza. Tofauti ni kwamba mashine haina nia ya kukutapeli. Inakosea bila kujua, na kwa hiyo haitaomba radhi mpaka wewe uigundue.

YALIYOWAPATA VIJANA WA KENYA

Kuna jambo lililotokea hapa nchini ambalo kila mwanafunzi na mzazi anafaa kulijua. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Kenya waliomaliza chuo na kukosa kazi walipata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Mwanafunzi wa ng'ambo alilipa, kijana wa Nairobi au Machakos akakesha akiandika, na aliyepata cheti ni yule wa ng'ambo. ChatGPT ilipotoka, mwaka 2023 wengi wa waandishi hao walisema kazi imepungua. Wateja waliona mashine inaandika bure.

Tujifunze mambo mawili hapo. Kwanza, kazi ya kupanga maneno tu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na mashine. Kijana anayekwenda chuoni kujifunza kupanga maneno tu atashindana na kitu kisicholala. Kazi inayobaki ni ya kupima, kuamua, kuongea na watu na kuaminiwa nao. Pili, mtoto wetu akiiachia mashine imwandikie kila kitu, amekuwa kama yule mwanafunzi wa ng'ambo: karo imelipwa, cheti kimepatikana, elimu imebaki kwa mwingine.

Na kuna jambo jingine. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu na ya kutisha, ili kuisaidia mashine ya OpenAI kutambua maneno mabaya. Kwa hiyo tusidhani mashine ilijifunza adabu yenyewe. Walikuwa watu, wengine wao watoto wa Kenya, waliokaa wakaamua hili ni baya, hili ni sawa, na wengine wao walisema kazi ile iliwaachia majeraha moyoni. Hata ndani ya mashine, aliyetangulia kupima mema na mabaya ni mtu.

MAHALI INAPOSAIDIA

Hatusemi mashine hizi ni za shetani. Zikiwekwa mahali pake, zinasaidia.

Kuna programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na watafiti wa mihogo wa hapa Afrika. Mkulima anaelekeza simu kwenye jani la muhogo, nayo inamwambia kama kuna dalili za ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Inafanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Lakini watafiti walipoipima waliona kwamba jani moja halitoshi. Jibu linakuwa la kuaminika zaidi ukipima majani kadhaa ya mmea huo huo. Hata mashine nzuri inahitaji mtu mwenye subira.

Kuna pia huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health hapa Kenya. Mama mjamzito anatuma swali kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Kompyuta inasoma maswali yote na kuyatenga yale yanayoonyesha hatari, kama vile kutokwa na damu, ili wahudumu wayafikie mapema. Mama mwenye hatari anaunganishwa na mtu. Mashine inapanga foleni, na mtu anamshughulikia mgonjwa. Huo ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Mwanafunzi naye anaweza kuitumia vizuri. Inaweza kumweleza kwa maneno rahisi ukurasa mgumu wa kitabu. Inaweza kumuuliza maswali ya mazoezi usiku wa kuamkia mtihani. Inaweza kumwonyesha makosa ya Kiingereza katika barua yake ya kuomba kazi. Kijana wa kijijini ambaye hana shangazi daktari wala mjomba mwalimu amepata mtu wa kumuuliza. Hiyo ni baraka, tusiidharau.

HATUA SABA ZA KUMFUNDISHA KIJANA

Mwanao awe yuko Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kitui, chuo cha ufundi cha Wote, au mahali pengine popote, hatua hizi zinamfaa. Mzazi asiyejua kutumia simu hiyo anaweza kuzifundisha pia, maana zinahusu kichwa kuliko simu.

1. Afikiri kwanza. Kabla ya kuiuliza mashine, aandike kwa mkono wake nusu ukurasa: mimi nadhani jibu ni nini, na kwa nini? Hata kama amekosea, sasa ana kitu cha kulinganisha. Anayeuliza akiwa mtupu hupokea chochote.

2. Aitaje nchi yake. Asiulize, "Nipande nini?" Aulize akitaja mahali, mwezi, aina ya udongo, mvua iliyonyesha na pesa alizo nazo. Swali la jumla huleta jibu la jumla.

3. Aipime kwa jambo analolijua. Aiulize habari za kijiji chake, soko lake, au methali za Kikamba. Aiulize mji wetu ulipataje jina la Sultan Hamud wa Zanzibar wakati reli ya Uganda inajengwa. Ahesabu ilipata ngapi na ilikosa ngapi. Baada ya hapo atajua aiamini kwa kiasi gani katika mambo asiyoyajua. Zoezi hili moja linafundisha kuliko hotuba kumi.

4. Atafute shahidi wa pili. Kitabu, mwalimu, afisa, mzee, au shamba lenyewe. Mashine nyingine si shahidi wa pili, kwa sababu huenda zote mbili zilisoma maandishi yale yale. Jambo la afya, dawa, sumu, sheria au pesa lisifanyiwe kazi kabla ya kupata mtu anayehusika.

5. Aeleze kwa mdomo. Aifunge simu, akae jikoni, amweleze mama yake jambo hilo kwa Kikamba. Akishindwa, hajaelewa, amebeba tu maneno ya Kiingereza. Hakuna mtihani mkali kuliko mama anayeuliza, "Sasa maana yake nini?"

6. Aseme ukweli. Kama mashine ilimsaidia, amwambie mwalimu ilimsaidia wapi. Kutoa kazi ya mashine kwa jina lako ni uongo, na ni wizi wa karo ya kikundi.

7. Atunze siri za watu. Asiiingizie namba za vitambulisho, namba za simu, orodha ya mikopo, wala habari za ugonjwa wa mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Katibu kijana anayetaka mashine imsaidie kupanga daftari la kikundi aondoe kwanza majina, aandike Mwanachama wa 1, Mwanachama wa 2. Na hesabu aijumlishe tena mwenyewe.

NENO KWA WALIMU WA VYUO

Wapo walimu wasomao jarida hili. Tunajua mzigo wenu, madarasa yamejaa. Lakini kazi ambayo mashine inaweza kuimaliza kwa dakika moja haimpimi tena mwanafunzi. Wapeni kazi za kutoka nje: apime maji ya kisima cha kwao, ahesabu gharama ya lambo la mchanga, awahoji wakulima watano juu ya wadudu wa mbaazi. Mwambieni alete jibu la mashine likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na aeleze kila sahihisho. Kisha muulizeni maswali mawili kwa mdomo. Kwa dakika tano mtamjua.

Shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wake juu ya mashine hizi katika elimu mwezi Septemba 2023, na serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa akili mnemba wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Hizo ni hatua nzuri. Lakini mkakati wa Nairobi hauwezi kuingia jikoni kwetu kumuuliza mtoto kama ameelewa. Hiyo ni kazi yetu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wanakikundi wapendwa, ninyi mmeizoea kazi hii ya kupima kuliko mnavyofikiri. Mwanachama akiomba mkopo, hamwangalii uzuri wa maneno yake. Mnauliza: pesa ni ya nini, utalipa kwa nini, nani atakudhamini, mara ya mwisho ulilipaje? Mweka hazina akisoma hesabu, mnahesabu sarafu mezani mbele ya watu. Hiyo ndiyo busara, na mwanafunzi ajifunze kwenu.

Basi kijana mnayemsomesha akija likizo, mwiteni kwenye mkutano. Mpeni saa moja. Aje na simu, kikundi kimnunulie bando dogo. Wanachama watoe maswali matatu wanayoyajua majibu yake, kwa mfano juu ya mbaazi, juu ya mchwa, juu ya matuta ya fanya juu. Yeye aiulize mashine mbele ya wote na kusoma majibu kwa Kikamba. Kikundi kitoe alama: sawa, si sawa, au inategemea. Mtaona kwamba "inategemea" ndiyo itakayoleta mazungumzo marefu, na katika mazungumzo hayo kijana atajifunza yale ambayo hayamo ndani ya mashine. Aandike hayo pia. Yakihifadhiwa, yatawafaa wajukuu.

Kumbukeni habari ya matuta yenyewe. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha wazazi wetu kuyachimba, wakachukia. Baadaye vikundi vya mwethya vilichimba vyenyewe, kwa hiari, vikichagua aina iliyofaa mashamba yetu na kuacha isiyofaa. Ushauri ulitoka nje, lakini uamuzi ulikuwa wetu, na hadi leo milima ya Ukambani inaonyesha kazi hiyo.

IMANI YETU INATUAMBIA NINI?

Tarehe 28 Januari 2025 Vatikani ilitoa waraka juu ya akili ya mashine na akili ya mwanadamu, ikafundisha kwamba vitu hivi viwili si kitu kimoja, na kwamba mtu ndiye anayebaki na wajibu wa matendo. Mwezi Mei mwaka huo, Papa Leo XIV alipochaguliwa, aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina hilo kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa viwanda vipya, na kwamba akili ya mashine imeleta mabadiliko kama yale.

Tusome tena habari za Sulemani katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Wanawake wawili walikuja na mtoto mmoja, kila mmoja akisema ni wake. Maneno yao yalilingana. Kama ingekuwa kazi ya kupima maneno tu, Sulemani angeshindwa. Alitazama ni nani ambaye moyo wake ungeumia. Ile ndiyo akili aliyomwomba Mungu, akaacha kuomba mali. Nasi tuwaombee watoto wetu hiyo hiyo, na tuwafundishe kuitumia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna kijana tunayemsomesha ambaye anatumia mashine hii? Nani kati yetu amewahi kumuuliza anavyoitumia?

2. Ni mambo gani ya kijiji chetu ambayo tunaamini mashine haiyajui? Nani anayajua, na yameandikwa?

3. Kama kikundi kitapata ushauri wa mashine juu ya mahindi, dawa ya mifugo au mkopo, nani atakuwa shahidi wa pili?

4. Daftari la kikundi linawekwa wapi, na nani anaruhusiwa kulipiga picha kwa simu?

5. Tukubaliane: kijana anayepokea mkopo wa karo atakuja mkutanoni kila likizo kutueleza, kwa mdomo na kwa Kikamba, jambo moja alilojifunza. Nani anaunga mkono?